Pampu Iliyorudi na Joto

Hiki kisa sikusimuliwa. Kilinipata mimi mwenyewe, akili timamu na bila tone la pombe, Jumapili moja ya Julai, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mke wangu alianza kwa kushuku.

Nilikuwa kijana wa reli pale Nakuru, nikiishi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na Rispa, mke wangu. Raha yangu ilikuwa kupanda baiskeli kila Jumapili alfajiri, nipite Njoro, niupande mlima hadi nguvu ziishe, kisha nigeuze. Sikuwa nimetumwa na mtu. Na niliipenda Julai hasa, ukungu unapokata masikio. Lakini mara mbili nilirudi na homa, na Rispa akachoka kunikanda. "Ukirudi na homa tena," akasema, "hii baiskeli itauzwa." Niamini, hakuwa na mzaha.

Basi siku hiyo nikajaza magazeti kifuani, chini ya koti, nikaondoka. Kupita Njoro vidole vikafa ganzi na meno yakaanza kugongana. Nikajua homa ndiyo hiyo inakuja, na baiskeli yangu ndiyo hiyo inakwenda. Nilikuwa nageuza nilipomwona mtu kando ya barabara, ameinama juu ya gurudumu.

"Ndugu, uko na pampu?"

Ungefanyaje? Sisi wa baiskeli hatumpiti mwenzetu aliyeishiwa na upepo. Nikampa. Akajaza, akashukuru kwa adabu, akapanda baiskeli yake na kuondoka na pampu yangu, tena kuelekea mlimani.

Nikamfuata nikimwita. Yeye alipanda ameketi tu, akipiga mluzi, mimi nimesimama juu ya pedali nahema. Nilipomkaribia nikatazama chini. Miguu yake ilizunguka vizuri sana, lakini baiskeli haikuwa na cheni.

Kwa nini sikukimbia? Nadhani uchungu wa pampu ulizidi woga.

Nilimfukuza mpaka juu kabisa, mahali ambapo sikuwahi kufika. Ukungu ukafunguka, na hapakuwa na mtu. Pampu ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe la maili, ina joto kama kikombe cha chai. Nikaitia kifuani, nikateremka hadi Nakuru bila kutetemeka, nikicheka peke yangu.

Nyumbani Rispa alinigusa paji la uso, akanishika mikono, kisha akakunja uso. "Joto hii umetoa wapi? Ulikuwa kwa moto ya nani?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikampa pampu. Akaisukuma, upepo wa moto ukampiga usoni. Akaisukuma tena, safari hii akielekeza kwenye miguu yake.

Baiskeli haikuuzwa. Pampu hupoa kila Juni, na miaka mingi Rispa ndiye aliyeniamsha Jumapili: "Mzee, amka. Hii kitu imepoa." Nami nilikwenda kumtafuta yule bwana, na kila Julai nilimkuta, mpaka magoti yangu yalipokataa.

Kwa hiyo wewe unayependa kuzurura na baiskeli wakati wa baridi, sikiliza. Ukimkuta ameinama kwenye ukungu, mpe pampu, na usimuulize habari ya cheni. Ila nenda na shahidi. Mimi sikuwa naye, na mpaka leo, tukiota moto jioni, Rispa hunigeukia na kuniuliza kama nina hakika alikuwa mwanamume.