Shekhe Yuko Maskati

Shekhe wa kabila letu alipoteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la mashauriano Maskati, Ibra nzima, mji wetu huku Omani, ilichinja. Na mimi nilikula. Sikufikiri kwamba shekhe akishakuwa wa nchi nzima, sisi watu wake tutampata kwa taabu.

Nilimtafuta kwa jambo moja tu. Mama yangu alibaki Tabora nilipohamia Omani, mjane, mgonjwa wa kifua, na ofisi ya pasi haikutaka kumruhusu kuja bila ya barua ya shekhe kuthibitisha kuwa marehemu baba alikuwa mtu wa kabila lake. Saini moja. Kila Alhamisi, siku yetu ya mapumziko, nilitoka Nizwa nilikofanya kazi, nikaendesha gari mpaka Ibra, nikaambiwa, "Shekhe yuko Maskati, ana kikao." Njia ile nilichoka nayo mpaka nikaichukia.

Siku niliyomkuta, sebule yake ilijaa wazee. Nilikaa karibu na ami yangu, mdogo wa baba, aliyetangulia kurudi kutoka Unguja. Nikamiminiwa kahawa. Ilikuwa ya moto mno, nikakitua kikombe chini ipoe. Mazungumzo yakakatika. Shekhe akanitazama, akasema kwa upole, "Kunywa kahawa yako, mwanangu, na haja yako sema."

Macho yote yakawa kwangu. Niliona haya kumtaja mama mbele ya wanaume wale kama ombaomba. Nilitaka kusema naye faraghani. Nikajibu, "Sina haja, shekhe. Nangoja ipoe tu." Wakacheka, na yeye akacheka. Baada ya sala akapanda gari, akaenda zake Maskati.

Nje ami alinishika mkono. "Lahaula! Kikombe umekitua mbele ya shekhe, kisha wasema huna haja? Weye hujui mtu akitua kikombe bila ya kunywa, mwenye nyumba hana budi kumpa analolitaka? Angekuandikia pale pale!"

Sikujua. Kwetu Tabora kahawa ya moto huwekwa chini ipoe, basi. Nilijilaani njia nzima, na hadi leo sijajisamehe.

Barua niliipata baada ya Alhamisi nyingine sita. Nikaipeleka ofisi ya pasi hivyo hivyo, maana sikujua niifanye nini tena. Karani akaisoma, akagonga muhuri, akaniuliza mama anakuja lini. Nikamwambia haji, ndugu zangu walimzika Jumatatu.