Kikombe Ambacho Mulamu Wangu Hakuonja

Nilifundisha shule ya msingi hapa Uvira miaka thelathini. Niliwaambia watoto wa watu kwamba kipindupindu kinatoka kwenye maji machafu, si kwenye jicho la jirani. Mtoto akithubutu kusema bibi yake alirogwa, nilimsimamisha mbele ya kilasi nikamfanya kichekesho cha wenzake. Kumbe mjinga wa kilasi ile ndiye aliyeshika chaki.

Kikohozi changu kilianza kiangazi. Nikasema ni vumbi la barabara, nikaendelea na sigara zangu. Mjane wa marehemu kaka yangu, mulamu wangu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na wakati ule alikuwa akiuza mutobe, maji matamu ya ndizi. Siku moja alinisikia nikikohoa njiani, akaniita: "Mulamu, kuya ukunywe kidogo, kifua kilainike." Akanijazia kikombe, akanipa.

Sasa, kwetu anayekupa kinywaji anapiga funda la kwanza yeye mwenyewe, ndipo anakupa. Tunaita kutoa sumu. Hata mke wangu anawafanyia hivyo wageni, na hakuna anayeona ni ajabu. Mulamu hakuonja. Nilikunywa, nikamshukuru, nikaenda zangu.

Miezi ikapita. Suruali zikaanza kunianguka, sauti ikakauka. Muumini mwenzangu akanivuta pembeni baada ya ibada: "Mwalimu, hii haiko malaria. Nani alikupa kinywaji?" Hilo ndilo swali letu. Hatukuulizi unaumwa wapi, tunakuuliza ulikunywa kwa nani. Alimaanisha karuho, ile sumu inayomla mtu polepole. Papo hapo nikakumbuka kile kikombe. Nilichojisahaulisha ni kwamba nilikuwa nakohoa kabla ya kukishika. Mtoto wa mwaka wa pili angeniambia lipi lilitangulia, na mimi sikutaka kuambiwa.

Nikaenda Makobola kwa muganga anayetapisha watu. Nilitapika siku tatu, akanionyesha kitu cheusi ndani ya beseni, nikaamini. Mwalimu mzima! Kurudi, hata nyumbani sikufika. Nilipita robine, lile bomba la maji la mtaa, wanawake wamepanga bidoni zao, mulamu yuko katikati yao, na mdomo wangu huu haujawahi kujua breki.

"Muchawi weye! Ulimaliza ndugu yangu, sasa unanitaka minye!"

Aliweka bidoni chini. Hakupiga kelele. "Mulamu," akasema, "ile siku nilikuwa nafunga. Maji hata tone sikutia mu kinywa. Nilikuwa naombea hicho kikohozi chako."

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu ili watu wote wasikie, na wachache wakacheka pamoja nami.

Toka siku ile hakuna aliyenunua mutobe wake. Kanisani alikaa kwenye benchi peke yake. Wakubwa waliwakataza watoto kupokea hata karanga mkononi mwake, na mara mbili bati lake lilipigwa mawe. Mimi nilikuwa nasikia yale mawe kutoka chumbani kwangu. Sitadanganya: yalinipoza roho.

Mke wangu ndiye aliyechoka na dawa za kutapisha, akanivusha mpaka Bujumbura nikapigwe skaneri. Dokta alikuwa kijana, mpole, anaweza kuwa mwanafunzi wangu. Akaweka picha kwenye mwanga. Kansa ya mapafu, akasema, na imeshafika kwenye ini na mifupa. Dawa zipo za kupunguza maumivu. Za kuiondoa, tumechelewa.

Unajua niliuliza nini? Sikuuliza nimebakiza siku ngapi. Niliuliza kama karuho inaweza kuonekana kwenye skaneri.

"Mzee," akasema, "hii haikuletwa na mtu. Imekuwemo zaidi ya mwaka. Ulikuwa unavuta sigara?"

Aibu iliyonishika pale sijawahi kuijua. Hofu ya kufa ilikuja baadaye, tena ilikuja ndogo. Na kibaya zaidi, njiani kurudi, nikiangalia ziwa, niliwaza kunyamaza. Anayekufa kwa sumu anapata heshima yake. Watu wanasema alikuwa na kitu, ndiyo maana walimwonea wivu. Anayekufa kwa sigara zake watasema nini? Nikamwambia mke wangu tuseme hospitali haikuona kitu.

Alinitazama kama mtu anayetazama uchafu. "Weye utalala mu kaburi lako," akasema. "Siku ile ile ya kukuzika, mulamu wako njo watapiga. Watamuua, na utakuwa umemuua weye."

Kesho yake nilikwenda kwa mulamu. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Hakunipa kiti. Nilisimama, na kusimama kulikuwa kunanitoa jasho, nikamwambia yote: skaneri, ini, mifupa, sigara, na kwamba nilijua kikohozi kilitangulia. Nikaomba msamaha, nikalia.

Aliendelea na maharage yake. "Musamaha nitakupa, mulamu, Mungu ananitaka nikupe," akasema. "Lakini musamaha wangu hautazuia jiwe. Kwa robine njo ulinitukana. Enda ukasemee kule."

Nilikwenda asubuhi. Nikasema mbele ya bidoni zote: mulamu wangu hana kosa, mimi nina kansa, ni ugonjwa wa mapafu, niliwadanganya. Nilitegemea nini, sijui. Mama mmoja akasikitika: "Maskini Mwalimu! Ona vile yule mwanamke amekwisha kumufunga akili." Wengine wakatikisa kichwa kwa huruma. Wananihurumia mimi! Miaka thelathini nimewafundisha watu hawa kuniamini, na nilipowadanganya ndipo waliponiamini kweli.

Mulamu alinikuta ukutani napumzika. "Hawakusikia," nikamwambia.

"Nilijua. Basi utakuja kila siku mpaka wasikie. Na usikufe mbio, mulamu. Ukikufa mbele hawajasikia, minye sina pa kwenda."

Kwa hiyo naenda kila asubuhi, mke wangu ananishika mkono. Wanawake wawili watatu wameanza kumsalimu mulamu. Wengine bado. Pumzi inapungua, sasa maneno yangu nayafupisha: si yeye, ni kansa. Jana nilisema "si yeye", kikohozi kikanikata, damu ikatoka, nikaanguka kwa magoti kabla ya kumaliza. Mulamu alikuwa kwenye mstari na bidoni yake. Hakuna aliyeniangalia mimi. Wote walimgeukia yeye.