Mara Kumi Bila Glovu

Nyumbani mzee huyo, askari mstaafu, walimwita Sufuria, na jina hilo alibandikwa na bintiye mwenyewe. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimekunjamana, hakifungi wala kufunguka sawasawa, na kila alipoulizwa alijibu kuwa alishika sufuria ya moto jeshini. Vitani, alisema, yeye alikuwa mbeba mizigo tu.

Binti huyo alikuja kuajiriwa makumbusho ya jeshi, kazi yake kuandika vibao vya maelezo. Siku moja akakabidhiwa bunduki nyepesi ya rashasha pamoja na kitabu chake, maana silaha nayo ina faili lake kama mtumishi wa serikali. Ilitumika miaka thelathini na moja: msituni, mpakani, kambi ya mafunzo, kisha ikastaafishwa. Kwenye kibao mkuu wake wa kazi alikwishaandika jina moja tu, la mpigaji aliyefia darajani.

Akafungua ukurasa wa vita vya daraja. Fundi wa silaha alikuwa ameandika: "Mtutu wa moto umebadilishwa mara kumi. Glovu ya kuushikia imepotea tangu mwanzo. Msaidizi wa mpigaji ameungua mkono." Msaidizi mwenyewe, kwa jina lililoandikwa pale, alikuwa baba yake.

Mtutu uliotema risasi mia mbili huwaka moto, haugusiki, nao lazima uvuliwe uwekwe mwingine. Mara ya kwanza mtu anaweza kujisahau, lakini ya pili je? Ya tano? Jioni ile aliogopa hata kumwamkia, kana kwamba sebuleni ameketi mtu mkubwa asiyemjua. Akaapa kuwa baba yake hatasahaulika, akaongeza kwenye kibao: "Msaidizi wake alibadilisha mtutu mara kumi kwa mkono mtupu."

Kabla ya ufunguzi akamleta mzee asome. Mzee akasoma, akarudia.

"Futa hii, mwanangu."

"Baba, acha kujishusha. Kitabu nimekisoma."

"Mimi ni mara tisa. Ya kumi mkono ulikataa kabisa. Mwenzangu akaniambia, 'Lala chini, ndugu yangu, nauvuta mwenyewe.' Akainuka. Ndipo adui wakampata."

Machozi yakimtoka, binti akakata "kumi", akaandika "tisa", kisha chini kabisa akabananisha mstari mwingine: "Mara ya kumi aliubadilisha mpigaji mwenyewe."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Sasa ndiyo tupo wawili," akasema.