Ndume Aliyekataa Kutoka kwa Simu

Levis hutengeneza app za simu kwa chumba kimoja juu ya duka la nyavu, hapo Homa Bay. Anaandika mara moja, app inakubali kwa simu za aina zote. Akiulizwa kazi yake husema ni ya kompyuta, na watu wanamletea redio zilizokufa.

App yake iliyoshika inaitwa Zizi. Mwenye ng'ombe anaweka picha, mnunuzi anamwona ng'ombe kabla ya kufika soko la Ogwedhi. Levis mwenyewe alikuwa ameweka ndume wake mwekundu hapo. Halafu akamchumbia Gesare, na babake Gesare, Mzee Ombati, akasema mahari bila huyo ndume ni porojo. Levis akamtoa kwenye soko la Zizi siku hiyo hiyo.

Baadaye Gesare akapiga simu.

"Baba anasema unauza ng'ombe wake."

"Nilimtoa kitambo."

"Kuja umwambie wewe. Kanisani wameshajua, na mimi ananiambia nitafute fundi wa baiskeli anioe."

Levis akaangalia simu yake. Ndume hayuko. Akabeba kompyuta, akapanda boda mpaka kwa Mzee Ombati, Ogwedhi.

"Karibu, mfanyabiashara," Mzee akasema, akamwonyesha simu yake. Ndume huyo, amesimama vizuri, chini yake neno ANAUZWA.

"Baba, huyu nilimtoa."

"Basi huyu ni nani? Ndugu yake?"

Levis akatoka kwa ukurasa wa soko, akarudi. Ndume bado.

"Baba, hii app huwa unaifunga?"

"Nifunge nini? Kuna mwizi?"

Hapo Levis akajua kosa ni lake. Alikuwa ameuambia ukurasa ulete orodha mpya ya ng'ombe ukizaliwa, yaani ukifunguliwa mara ya kwanza. Lakini kwa app kama hii, ukienda ukurasa mwingine ule wa kwanza haufi. Unalala chini yake, mzima, na ukirudi unaamshwa vile ulivyokuwa. Yeye mwenyewe hufunga app na kufungua kutwa nzima, hangeweza kujua. Kwa Mzee ukurasa ulizaliwa mara moja tu, ndume akiwa bado ndani.

"Ni kama chai ya thermos, Baba. Ukitoka ukirudi, unamiminiwa ileile. Mimi nilisahau kuagiza ipikwe kila ukiingia."

"Kwa hivyo umekuwa ukinipea chai ya jana."

"Ndiyo, Baba."

"Na unataka msichana."

Levis akafungua kompyuta juu ya stuli, akahamisha mstari mmoja wa maagizo ya app: akautoa pale ukurasa unapozaliwa, akaupeleka pale mtu anapoingia. Akaiweka app upya kwa simu ya Mzee, kwa kutumia waya.

Mzee akaingia sokoni. Akatoka, akaingia tena. Mbuzi walikuwepo, ng'ombe wa watu walikuwepo, ndume mwekundu hakuwepo. Gesare alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, anaifuta na ilikuwa imekauka.

"Nimeona ametoka kwa simu," Mzee akasema.

"Ametoka, Baba."

"Sasa atoke kwako."

Levis akafunga kompyuta, akaenda kutafuta lori la kumleta.