Mdomo wa Saba

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka naulizwa naenda wapi, na jibu sina. Juzi nilikuwa nimetoka kazini hospitalini Flemingsberg, hapa Uswidi, nimekaa kwenye treni ya kurudi kwangu Tumba, mara likaingia kundi la wanafunzi wa chuo, kila mmoja anasema na hakuna anayesikiliza. Mama mmoja wa Kichina aliyekaa mbele yangu akaguna, kisha akasema maneno manne peke yake, taratibu, kama anayeonja mchuzi. Nikacheka kwa sauti. Akanitazama kwa mshangao, nami ningeanzia wapi kumweleza kwamba maneno yale nayajua tangu utotoni, kwamba ni midomo saba, ndimi nane? Nilishuka Tumba, lakini kwangu sikwenda. Nilipanda basi la Fittja.

Fittja ndiko tulikokulia, katika moja ya yale maghorofa marefu yanayotazama kituo cha maduka. Nazungumzia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nyumbani tulikuwa sita: baba, mama, na sisi watoto wanne, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa funza kwa sababu ya kutotulia. Mama ni wa Bukavu, na Kiswahili chake ni cha kule. Baba alikichukua chake Kigoma, katika kambi ya wakimbizi, pamoja na methali zake zote. Ukifungua mlango wetu siku ya Jumapili ungekutana kwanza na harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo iliyoiva katika mawese, halafu kelele. Mlango wa pili ulitoa harufu ya tangawizi na kitunguu saumu, na humo alikaa bibi wa Kichina na mjukuu wake, ambaye tulisoma naye darasa moja. Mwana wa huyo bibi alipika katika mgahawa huko mjini na hatukumwona ila siku za sikukuu.

Mama alifanya usafi ofisini, anatoka mchana anarudi jioni, kwa hiyo baada ya shule mimi nilikuwa wa bibi wa mlango wa pili. Yeye alijua Kiswidi cha dukani tu. Alisema Kichina, mjukuu akakigeuza Kiswidi, nami nikakihamishia Kiswahili kichwani mwangu nipate kumsimulia mama. Alikuwa na kiti chake dirishani jikoni na bakuli la mbegu za alizeti. Alizipasua kwa meno ya mbele, ta, ta, ta, macho yakiwa chini uwanjani. Wengine walitazama televisheni. Yeye alitazama watu wakigombana.

Na kila ugomvi alikuwa na maneno yake manne. Mume na mke wakirushiana maneno na watoto wakikimbilia huku na huko, hao walikuwa kuku waruka, mbwa warukaruka. Wazee waliobishana siasa mbele ya duka la mkate bila kuinuliana mkono walikuwa midomo mikuki, ndimi panga. Ijumaa watu wakitoka msikitini na wakati huohuo mabasi yakamwaga abiria, bibi alisimama kabisa: watu mlima, watu bahari. Siku ya soko la mboga, zile sauti zote zikipanda mpaka ghorofani kwetu, alisema ni chungu kinachochemka. Alikuwa pia na uso mwekundu, masikio mekundu, kwa wale waliokasirika sana. Nilimwambia kwetu masikio hayabadiliki rangi, mtu akikasirika utamjua puani. Mjukuu alipomfasiria, bibi alicheka hadi mbegu ikampalia.

Waswidi walimsumbua. Siku moja tuliwaona wawili kituo cha basi, mwanamume na mwanamke, wamesimama mbalimbali, kila mmoja anatazama upande wake, na hata kutoka juu kule ilionekana wazi kwamba wamekorofishana. Bibi alisubiri neno lianze. Basi likaja, wakapanda. "Bibi anasema hao hawagombani," mjukuu akaniambia, "hao wanaganda." Kwa hao hakuwa na maneno manne.

Nami nilimpa methali za kwetu. Nilimletea ile ya baba, vita vya panzi furaha ya kunguru, akaipenda kwa sababu Fittja ina kunguru wengi kuliko watu. Jioni hujaa kwenye miti ya kule ziwani na kupiga makelele yasiyo na mwisho. Alitaka kujua hao panzi walikuwa wakigombea nini. Nilimuuliza baba, baba akasema methali haiulizwi maswali.

Sasa, Jumapili. Tukitoka kanisani, nusu ya waumini walihamia sebuleni kwetu. Viatu vilijaa hadi nje ya lifti. Waliimba, waliomba, mmoja alipiga ngoma, halafu walikula, na wakishiba walianza kubishana kwa Kiswahili cha Kongo na Kifaransa juu ya mambo waliyoyaacha nyumbani miaka mingi nyuma. Nilizunguka katikati yao na jagi la maji, nikimpatia kila mtu maneno yake manne kimyakimya. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, nakwambia kweli.

Ndipo akaja bwana wa kampuni ya nyumba. Ilikuwa mchana wa siku ya mapumziko shuleni, mama bado hajatoka, baba yuko kazini, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Alikuwa mpole, alivua hata viatu. Alisema jirani mmoja amelalamika kuhusu kelele za Jumapili, jina hawezi kulitaja, na zikiendelea mkataba wa nyumba unaweza kuvunjwa. Angerudi kuona tumefikia wapi. Nilifasiri yote. Mama aliitikia kwa kichwa, akamsindikiza hadi kwenye lifti, akarudi akakaa kwenye sakafu ya korido, mgongo ukiegemea mlango.

Lazima ujue mlango ule ulikuwa nini kwake. Ulikuwa mlango wa kwanza katika maisha yake ya ndoa ambao ufunguo wake alikuwa nao yeye. Kambini walifungia turubai kwa kamba.

"Kuanzia leo munanyamaza," alituambia. "Ao munataka batufukuze? Tutaenda wapi tena?"

Tukanyamaza. Tulivaa soksi mbili mbili. Kukimbia marufuku, redio marufuku, na ugali ulisongwa sufuria ikiwa imewekwa juu ya taulo. Waumini waliambiwa wasije. Baba alikohoa ndani ya mto. Jumapili tulikaa sisi sita tu, tukaimba kwa kunong'ona, na wimbo ukinong'onwa hauishi, unajikokota tu. Nilikuwa kama nzi ndani ya chupa. Nilikunja zulia na kulikunjua, nikahesabu nyufa za dari, nikachapwa kofi kwa kugonga ukuta na kisigino.

Ukuta ule tuliugawana na bibi. Mama alikuwa ameshaamua. "Ni nani mwengine anatusikia? Si yeye?" Baba alijaribu kumtetea, lakini mwishowe naye akaishia kwenye kikulacho ki nguoni mwako. Sahani ya sambusa tuliyompelekea kila Jumamosi ikakoma. Mimi nikakatazwa kwenda kwake, dada akaambiwa anichukue shuleni. Tulipokutana naye kwenye lifti mama alitazama namba za ghorofa. Bibi alisalimu kwa Kiswidi, hej, kama kawaida, mama akajibu kwa kidevu. Niliona aibu. Yule mzee alinitazama, akamtazama mama, akashika vizuri mfuko wake wa vitunguu.

Halafu Jumapili moja tukasikia mlango unagongwa. Mama alitazama kwenye tundu la mlango, akafungua kidogo. Alikuwa bibi, amevaa nguo za heshima, nywele amezibana, mikononi ana bakuli kubwa limefunikwa kwa sahani. Mjukuu alikuwa nyuma yake, anatazama vidole vyake vya miguu. Bibi akasema maneno manne ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia dirishani.

"Kunguru na shomoro, hakuna sauti," mjukuu akasema kwa Kiswidi. "Bibi anauliza ni nani amekufa."

Nilimfasiria mama. Mjukuu akaendelea, maskini, jasho linamtoka. Bibi anasema kwao nyumba nzuri ni ile ya moto na kelele. Karamu isiyo na kelele ni aibu kwa mwenyeji, na nyumba ya kelele ikinyamaza ghafla, jirani lazima alete uji na kuuliza. Amesikia kimya siku ya kwanza akadhani tumesafiri. Kisha akatuona kwenye lifti, mama uso umemwanguka, akajua ni msiba. Anaomba radhi kwa kuchelewa, hakujua desturi yetu ni kungoja siku ngapi.

Mama alipokea lile bakuli. Alilishika, uji unamwunguza vidole.

"Hakuna mutu mwenye alikufa, mama," alisema hatimaye. "Tuko wazima bote." Akaanza kucheka, na katikati ya kicheko akalia, na bibi, aliyekuwa amekuja tayari kulia, akalia naye. Tulikula ule uji wote, wa mchele na tangawizi, tukamweleza habari ya bwana wa kampuni. Bibi alisikiliza. Uso wake ulibadilika rangi, na masikio pia.

Bwana yule aliporudi, bibi alitokea kabla hatujamkaribisha. Nadhani alikuwa akivizia lifti. Alisimama kwenye kizingiti chetu, si chake, akapasua mbegu, akasema. Mjukuu akafasiri. "Bibi anasema kelele ni midomo saba, ndimi nane. Humu ndani wanaishi sita. Mdomo wa saba ni wake. Ukiwafukuza wao, na yeye umwandike."

Bwana yule hakucheka, lakini alivua viatu kwa mara ya pili na akakubali chai. Ilijulikana kwamba anayeumia ni mtu wa chini yetu, mfanyakazi wa usiku, anayelala mchana. Mama, ambaye aliwahi kufanya usafi wa usiku miaka miwili, alijishika kichwa. Si angeambiwa tu? Ngoma ikaachwa kanisani, maombi yakasogezwa hadi jioni, na sambusa za Jumamosi zikawa sahani mbili. Mlango ukabaki wetu.

Baadaye nilimuuliza bibi: kama midomo ni saba, ule ulimi wa nane ni wa nani? Alininyooshea mkono uliojaa maganda. Mdomo wako una ndimi mbili, alisema, ndiyo maana hautulii.

Mwanawe alipata mgahawa wake mwenyewe katika mji wa kaskazini, wakahama mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Ndugu zangu wametawanyika, waumini wamepata jengo, baba tulimzika. Wanangu wananijibu Kiswidi, kwa sauti ya chini, kama walivyofundishwa shuleni. Nawakumbuka watu wale kwa namna inayoniinua kitini.

Juzi, basi, nilipofika Fittja nilipanda kwa lifti. Mlango wa pili una jina jingine, na hakuna harufu yoyote inayotoka. Lakini kwa mama redio ilikuwa inaunguruma hadi kwenye korido, matangazo ya Kiswidi, hali ya hewa ya baharini ambayo haimhusu hata kidogo. Alikuwa peke yake jikoni, anachambua mboga, amegeuzia redio mgongo. Nikambusu, nikanyoosha mkono kuipunguza.

"Iache," alisema bila kugeuka. "Hapa kukikuwa kimya, ni nani atakuja kuuliza kama nilikufa?"

Nikairudisha sauti pale ilipokuwa, nikavua koti, nikakaa.