Shati Lilibadilika Wapi?

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwenye parkingi ya malori karibu na mto Mulongwe, mjini Uvira, Laurette Mapendo anafanya ishara ya msalaba kwa mkono uleule ulioshika sindano. Kisha anainamia gunia la kwanza la mahindi, anaukusanya mdomo wa gunia kwa vidole, na kuanza kushona.

Sindano ni ndefu kuliko kidole chake cha kati na imepinda kidogo nchani. Mishono kumi na miwili, fundo moja, uzi unakatwa kwa meno. Gunia jingine.

"Mama Laurette, leo uko unashona magunia ao uko unashona filamu?" anauliza Fiston, mpakiaji, akiwa tayari na gunia begani.

"Weye beba," anajibu bila kuinua macho. "Mu filamu yangu sikukutia, juu unasema sana. Ingechukua siku mbili kuisha."

Wapakiaji wanacheka, na Laurette anacheka nao. Wiki tatu zilizopita utani kama huo ulikuwa ukimfanya akunje uso siku nzima.

Nyuma yake, kwenye ukuta wa mbao wa kibanda, limetundikwa gunia lililopasuliwa na kutandazwa kama ramani. Nyuzi za rangi zinapita juu yake, zinakutana, zinaachana. Penye kila fundo kuna maneno machache ya kalamu, herufi kubwa na nzito, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Hiyo ndiyo filamu yenyewe. Au, kwa usahihi zaidi, ni mpango wa filamu ya dakika kumi uliokaribia kukwama kwa sababu ya shati moja.

Laurette ana umri wa miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na saba ameshona midomo ya magunia yanayoingia na kutoka Uvira: mahindi na mihogo ya bonde la Ruzizi, ndagala wakavu, yaani dagaa wa ziwa. Analipwa franka mia mbili kwa gunia. Siku njema anashona arobaini. Mvua ikikata barabara, hayafiki kumi.

Aliacha shule darasa la nne. Alijifunza kusoma vizuri miaka minne iliyopita tu, katika masomo ya jioni ya parokia, akifuata mistari ya Zaburi kwa kidole. "Nilimuomba Mungu nisome mbele sijakufa," anasema. "Alikubali. Sasa nikasema, basi, niombe na kuandika."

Mwaka huu, katika darasa hilohilo lenye madawati ya watoto, kikundi kidogo cha filamu cha hapo mjini kilitangaza mafunzo ya kuandika senario, yaani mswada wa filamu. Watu saba walijiandikisha. Mwishoni, mpango mmoja tu ungechaguliwa na kupigwa picha.

Laurette alikuwa na kisa kimoja cha kusimulia: siku ambayo mto Mulongwe ulivunja kingo zake na kuingia nyumbani kwao.

Jioni ya tatu ya mafunzo, mwalimu Frédéric, ambaye mchana hufundisha Kifaransa sekondari, alisema kila mhusika achorewe safari yake. Alimaanisha safari ya moyo: mhusika anaanza akiwa nani, kitu gani kinamgonga, na anaishia akiwa nani.

Laurette alisikia neno safari, akaelewa safari.

"Minye kila siku niko na wasafiri," anaeleza. "Safari ni muntu anatoka fasi fulani, anafika fasi fulani, na muzigo wake. Basi nikachora njia."

Wenzake walileta karatasi zenye mistari ya kupanda na kushuka, kutoka "woga" hadi "ujasiri". Yeye alileta gunia. Uzi mweusi ulikuwa wa mama yao. Uzi mwekundu ulikuwa wake mwenyewe. Uzi wa bluu ulikuwa wa mdogo wake, Onesphore. Kila fundo lilikuwa mahali na saa. Kando ya fundo aliandika mhusika amevaa nini na amebeba nini, kwa sababu hivyo ndivyo vitu anavyoviona kwanza kwa mtu.

"Mama Laurette, hii ni filamu ao ni kamyo ya kwenda Bukavu?" alisema Chance, msusi wa nywele anayekaa dawati la nyuma. Darasa zima likaangua kicheko.

Frédéric hakucheka. "Nilitaka kumsahihisha," anakumbuka. "Kisha nikaona huyu mama anajua kila mhusika yuko wapi kila saa, hata wakati haonekani. Wale wengine, mhusika wao akitoka mlangoni ni kama amekufa mpaka arudi."

Akafuata uzi wa bluu kwa kidole. Saa mbili asubuhi, Onesphore anatoka nyumbani: shati la bluu, baiskeli. Fundo linalofuata ni kesho yake, saa moja asubuhi, Onesphore anarudi: shati jeupe, kavu, hana baiskeli. Kati ya mafundo hayo mawili palikuwa patupu, upana wa kiganja.

"Mama Laurette," mwalimu akauliza, "shati lilibadilika wapi?"

Laurette alilikunja gunia lake na kwenda nyumbani bila kuaga.

Hakuweza kujibu kwa sababu hakujua. Na hakujua kwa sababu, kwa miaka mitano, hakuwahi kumuuliza mwenye shati.

Asubuhi ile ya mafuriko, Onesphore alisema, "Napeleka kinga mahali pa juu, narudi." Kinga ni baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Muda mfupi baadaye maji yalishuka kutoka milimani yakiwa na mawe na miti. Laurette alimbeba mgongoni mama yao, Mama Célestine, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu, akampandisha juu ya ukuta wa jirani. Walikaa hapo mpaka jioni, nguo zimelowa, wakisali rozari kwa vidole. Nyumba ilikwenda wakiitazama. Maji yalipopungua, majirani waliwachukua, wakalala barazani kwa watu.

Kulipokucha, Onesphore alitokea akiwa na shati jeupe, kavu.

"Nilisema mbele ya bantu bote," anasimulia Laurette, na sindano inasimama. "Nilisema, 'Muangalie huyu! Mama ameshinda mu maji, yeye amelala ku kitanda.' Hakujibu. Minye nikasema, kumbe ni kweli."

Wiki hiyohiyo Onesphore alihamia Lubarika, kwenye bonde, akaanza kulima mihogo. Kila mavuno gunia moja lilifika parkingini likiwa na jina la mama yao. Laurette alilipokea. Mdomo wa gunia aliufungua. Wa kwake haukufunguka.

Baada ya swali la mwalimu zilibaki siku tisa kabla ya Jumamosi ya uchaguzi. Mpango wenye pengo usingepita. Frédéric alikuwa amewaambia wazi wote saba. Chance alimfuata parkingini kumsaidia. "Si utunge tu? Andika alinunua shati sokoni."

Laurette alijaribu. Lakini soko siku hiyo lilikuwa majini. Akajaribu rafiki aliyemuazima. Rafiki gani, na nyumba yake ilikuwa upande gani wa mto? Kila alichokitunga kilifumuka kama mshono usio na fundo.

"Nikapiga magoti," anasema. "Nikasema, Baba, nipe jibu, hata ndogo. Na Mungu akanikumbusha ya kama niko na namba ya simu ya Onesphore." Anacheka mwenyewe. "Iko mu simu miaka yote tano!"

Hakupiga simu. Aliona ni jambo la kuulizwa uso kwa uso. Jumanne Fiston alimtafutia nafasi kwenye kiti cha mbele cha lori lililokuwa linakwenda Lubarika kupakia mahindi. Walipofika Runingu, bado njiani, alitaka kushuka arudi. Dereva alimwambia gari halisimami pale, naye akabaki kitini.

Onesphore alikuwa anaanika mihogo. Alipomwona dada yake langoni, kisu kilimponyoka.

"Yaya," alisema, akimwita hivyo dada mkubwa. "Mama iko muzima?"

"Iko muzima. Anakula kunipita."

"Sasa nani amekufa?"

"Hakuna muntu amekufa. Nimekuya juu ya shati."

Onesphore, ambaye sasa ana miaka thelathini na minane, anasema alidhani dada yake amerukwa na akili. Kisha alipoelewa shati gani, aliketi chini palepale kwenye mihogo.

Alimweleza. Baiskeli aliifikisha juu, akaiacha chini ya mti, akashuka mbio. Daraja lilikuwa limefunikwa. Ng'ambo aliona bati la nyumba yao likizunguka majini. Aliita mpaka sauti ikaisha. Akateremka kuelekea ziwani, akitafuta mahali ambapo maji yalikuwa membamba, akaingia.

"Siyuwi kuogelea," anasema. "Nilizani nitatembea."

Maji yalimbeba na kumtupa kwenye ua wa kanisa dogo la ufukweni. Wanakwaya waliokuwa wakiwasaidia watu walimvuta kwa kamba ya kengele. Shati la bluu lilikuwa limebaki kwenye miti ya ua. Walimlaza juu ya benchi, akiwa hana fahamu kamili mpaka alfajiri, wakamvika shati la kwaya, na alipoweza kusimama akaenda kutafuta watu wake. Baiskeli hakuiona tena.

"Juu ya nini hukusema?" Laurette alimuuliza.

"Siku ile ungenisikia?"

Laurette hakutaka kusema uongo mbele ya mihogo ya mtu. "Hapana," akasema.

Onesphore aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani yake lilikuwamo shati jeupe, limekunjwa vizuri. Juu ya mfuko wa kifuani palikuwa na msalaba mdogo ulioshonwa kwa uzi mweupe.

"Minye mushonaji," Laurette anasema, akijipiga kifua kwa kidole. "Miaka kumi na saba na sindano. Na ile asubuhi niliona shati kavu, sikuona musalaba."

Anasema walilia kidogo, wakala bugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo, na Onesphore akamlaumu kwa kuja bila ndagala hata mmoja. Hapo, anasema, alijua wamepatana.

Aliporudi alimsimulia mama yao kila kitu. Mama Célestine, ambaye sasa ana miaka sabini na sita, hakushangaa.

"Nilijua alikuwa mu maji," akasema. "Ile asubuhi masikio yake ilikuwa na matope."

"Mama! Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unapiga makelele."

Jumamosi, Laurette alitundika gunia lake ubaoni. Pengo la upana wa kiganja lilikuwa limejaa: daraja, bati, ziwa, ua wa kanisa, benchi. Frédéric aliuliza swali lake lilelile. Laurette alitoa shati kwenye mfuko na kuliweka juu ya meza.

Chance ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Mpango wake ndio uliochaguliwa. Picha zitapigwa mwezi wa sita, wakati wa kiangazi, mto ukiwa umelala. Onesphore amekataa kucheza nafasi yake mwenyewe, lakini ametoa sharti moja. "Batafute muntu mwenye nywele," anasema. "Wakati ule nilikuwa nazo."

Leo asubuhi yupo parkingini. Ameleta magunia matatu ya mihogo, na kwa mara ya kwanza ameyaleta mwenyewe. Amesimama nyuma ya dada yake akimwelekeza namna ya kushona, jambo ambalo hakuna mpakiaji aliyewahi kuthubutu.

"Kaza hapo, yaya."

"Lima mihogo yako."

Kwenye gunia la ukutani kuna uzi wa nne ambao haukuwapo siku ya kwanza. Ni mweupe. Unaanzia kwenye kanisa la ufukweni, unafika Mulongwe, unapanda mpaka Lubarika, unarudi Mulongwe. Hapo unaishia, na sindano bado inaning'inia.

Onesphore hakuwahi kulirudisha shati. Anasema aliona haya. Angewaambia nini wale waliomvuta? Kwamba walimwokoa, na dada yake akamwaibisha mbele ya watu?

Sasa mpango upo. Shati litavaliwa katika filamu. Jumapili itakayofuata, baada ya kufuliwa na kupigwa pasi, wote wawili watalipeleka kwenye misa ya kanisa lile la ufukweni, na Mama Célestine amesema naye atabebwa.

Laurette anakata uzi kwa meno, analisukuma gunia kwa Fiston, na kutazama ukuta.

"Shati nayo ina safari yake," anasema. "Bado haijafika kwao."