Kiwiko cha Msusi

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, na jina hilo hakulipata kwa bahati. Wasusi wengine wakikushika kichwa, ngozi ya uso inavutika mpaka unakonyeza watu usiowajua. Yeye alikusuka ukasinzia kwenye stuli. Ndiyo maana vidole vyake vya mkono wa kulia vilipoanza kufa ganzi katikati ya msuko, hakumwambia mtu. Alikung'uta mkono, akasuka. Akaukung'uta tena, akasuka. Mwisho kitana kikamponyoka, kikaanguka mapajani mwa mteja, na wifi yake, waliyesuka naye chumba kimoja, akaona.

"Wifi, huo mkono unafukuza nzi?"

Zahanati walimpeleka kwa daktari wa viungo, kijana anayeongea kama anayekimbizwa. Akamminyaminya, akamwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwa sababu ya kukunja mkono mchana kutwa. Akampa mfuko wenye mkanda mgumu uliotiwa kibati chembamba ndani.

"Kiwiko kisikunjike, mama. Uvae kazini, uvae ukilala. Usipopata nafuu, itabidi upasuliwe."

Neno hilo la mwisho ndilo alilotoka nalo mlangoni. Mkono wa kusukia upasuliwe, halafu ashike nini?

Nyumbani akautoa mkanda, akaufunga barabara kwenye kiwiko, yaani pale katikati ya mkono, pale ukijigonga mlangoni unaona nyota. Tangu azaliwe, kiwiko kwake kilikuwa hapo. Kesho yake akasuka mkono umenyooka kama askari anayesimamisha magari.

"Sogea, utanitoboa jicho," wifi yake akasema. "Au mteja tumkalishe nje, umsukie dirishani?"

"Cheka tu. Mimi nafuata nilivyoambiwa."

Lakini mkono uliozuiwa kukunjika hapa hutafuta pengine, na pengine palikuwa pale pale penye ugonjwa. Maumivu yakapanda. Sasa hakutulia. Alifagia chumba kilichofagiwa. Alipanga nywele bandia kwa rangi, akazipangua, akazipanga kwa urefu. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta pa kukaa. Mkanda aliufungua, akaukaza zaidi. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili kama mtoto, na kila mteja aliyesema pole, yeye alisikia kisu.

Siku ya kurudi zahanati ikafika. Kijana alimtazama mkono, akaugusa mkanda kwa kidole.

"Mama, mkanda umeuvaa wapi?"

"Kwenye kiwiko. Si ndivyo ulivyosema?"

"Kiwiko ni hapa." Akamgusa pale inapofungwa saa.

"Hapo, mwanangu, ni kifundo cha mkono. Usinifundishe mwili wangu."

"Sisi hapo ulipofunga tunapaita kisukusuku."

Mlango ulikuwa wazi, na benchi zima lilisikia. Mzee mwenye plasta mguuni akasema mama yuko sahihi. Mwanamke aliyekaa karibu yake akasema hapana, shuleni walifundishwa kiwiko ni penye saa.

"Na mtihani wenyewe ulifeli," mumewe akamkumbusha.

Benchi likaangua kicheko. Mkono Mwepesi hakucheka.

"Hilo neno mtaligawana baadaye," akasema. "Mimi niambie, napasuliwa?"

Kijana akavuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza akaongea polepole.

"Nisamehe, mama. Ilinipasa nikushike nikuonyeshe. Mkono wako haujaanza kutibiwa, kwa hiyo siwezi kusema umeshindikana. Kisu kisubiri."

Akamfunga mkanda mwenyewe, kiganja kikiwa kimenyooka na mkono, haukubana wala haukulegea. Akamwambia stuli ya mteja aiweke kimo ambacho hatalazimika kuvipinda vifundo vya mikono. Asisuke kichwa kizima kwa mkupuo. Asuke kidogo, apumzike, anyooshe vidole. Na kidole gumba kikianza kukosa nguvu, asingoje siku ya kurudi, aje mbio.

Hayo yote aliyaweza, isipokuwa kupumzika. Mikono iliyolala mapajani ilimkera kuliko iliyouma.

"Mbona umeacha?" mteja wake aliuliza, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Napumzika."

"Na mimi nitembee na nusu?"

"Nenda kanunue maji. Wakikuuliza, waambie ndiyo mtindo mpya."

Wiki zilipita bila jipya, naye akawa mkali hata kwa redio. Kisha asubuhi moja, akigawa nywele, alizisikia kwa ncha ya kidole cha kati, unywele mmoja mmoja, kama zamani. Vidole vilivyobaki bado vilikuwa na usingizi. Alisuka mstari, akaongeza wa pili, akapitiliza hadi wa tatu.

"Wifi, keti," wifi yake akamwambia.

"Namalizia huu."

"Keti, nimesema."

Akaketi, mikono mapajani, na mguu wake ukawa unatikisika chini ya kiti.